Misimu ya kale ya Kiingereza: maneno ya vibaka, wachuuzi, mabaharia na askari, na jinsi ya kuipima asili yake

Ndugu wasomaji, salaam.

Uzi huu unahusu maneno ya mitaani ya Kiingereza cha zamani: yalikotoka, yaliyomaanisha, na kwa nini baadhi yake yamekufa huku mengine yakiingia katika kamusi za shule bila mtu kujua kwamba yalizaliwa gerezani. Nimeona niuandike kwa sababu mitandaoni zimezagaa orodha za "asili ya maneno" ambazo nyingi ni hadithi tamu zilizobuniwa karne mbili au tatu baada ya neno lenyewe kuanza kutumika. Ninachokiamini, na nitakachojaribu kukionesha kwa mifano, ni kwamba neno la mtaani lina tarehe na lina shahidi. Kwanza tuulize liliandikwa lini, na nani, naye alilisikia kwa nani. Hapo ndipo hadithi ipokelewe au ikataliwe.

Tuanze na shahidi mkubwa wa mwanzo, Thomas Harman, mwenye mali na hakimu wa Kent, kusini mashariki mwa Uingereza. Kitabu chake cha kuwaonya watu dhidi ya wazururaji kina toleo la mwaka 1567 ambalo bado lipo. Harman anasema kwamba alikuwa akikaa nyumbani kwa ugonjwa, na ombaomba walipofika mlangoni aliwahoji mmoja mmoja: wanatoka wapi, wanalala wapi, wanaitanaje, na wakizungumza wao kwa wao wanatumia maneno gani. Mwishoni mwa kitabu akaweka orodha ya maneno yao pamoja na mazungumzo mafupi ya mfano. Lugha hiyo Waingereza waliiita "cant", neno lenye asili ya Kilatini lihusulo kuimba, kwa kuwa ombaomba walitoa maombi yao kwa sauti ya kuvuta kama waimbao. Wengine waliiita "Pedlar's French", yaani Kifaransa cha wachuuzi, ingawa haikuwa na Kifaransa cha kutajika.

Orodha ya Harman inavutia kwa namna maneno yalivyoundwa. Neno "cheat", ambalo leo ni udanganyifu, kwa wazururaji hao lilikuwa na maana ya kitu tu, nao wakalitumia kuzalisha majina mengi: nguruwe ni "grunting cheat", yaani kitu kinachokoroma; bata ni "quacking cheat"; pua ni "smelling cheat", kitu cha kunusia; meno ni "crashing cheats", vitu vya kusagia; na ulimi ni "prattling cheat", kitu cha kupayukia. Msemaji wa Kiswahili ataielewa mbinu hii haraka kuliko Mwingereza, maana sisi tuna kiambishi ki- kinachofanya kazi hiyo hiyo tunapokiita kifaa cha kuzibia kizibo na cha kufunikia kifuniko. Kipande kingine kilikuwa "mans": usiku ni "darkmans" na mchana ni "lightmans". Halafu kulikuwa na vivumishi viwili vilivyogawa dunia nzima, "rome" kwa kilicho kizuri au kikubwa, na "queer" kwa kilicho kibaya. London ikawa "Romeville", mvinyo ukawa "rome bouse", malkia mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa Elizabeth wa Kwanza, akawa "rome mort", yaani mwanamke mkuu, na gereza likawa "queer ken", nyumba mbaya. Kwa maneno machache hivyo mtu aliweza kusema mambo mengi mbele ya askari bila kueleweka.

Ni vema tukumbuke watu hawa walikuwa nani. Kati ya mwaka 1536 na 1540 Mfalme Henry wa Nane alizifunga nyumba za watawa, ambazo ndizo zilizokuwa zikigawa chakula na malazi kwa maskini. Katika karne hiyo hiyo wenye ardhi walikuwa wakizungushia ua maeneo ya wazi ya vijiji ili wafuge kondoo, na wakulima wadogo wakabaki barabarani. Sheria ya mwaka 1547 iliruhusu mzururaji apigwe chapa ya herufi V kwa chuma cha moto na kufanywa mtumwa kwa miaka miwili. Ilikuwa kali mno hata ikafutwa baada ya muda mfupi. Sheria ya 1572 ikaamuru mijeledi, na sikio la kulia litobolewe kwa chuma cha moto. Mimi siwezi kuyasoma maneno ya Harman kama vichekesho. Anayeiita nguo yake "duds" na mkate wake "pannam" ni mtu aliyejua kwamba akikamatwa leo ataungua sikio.

Hilo halina maana kwamba wote walikuwa wanyonge wasio na hatia, na Harman ana kisa cha kuthibitisha. Alimkuta London mtu aliyejiita Nicholas Jennings, akijifanya mgonjwa wa kifafa, uso umepakwa damu na matope, mdomo ukitoa povu la sabuni. Ombaomba wa aina yake waliitwa "counterfeit crank", na hiyo "crank" inatokana na neno la Kijerumani na Kiholanzi lenye maana ya mgonjwa. Alipopekuliwa alikutwa na fedha nyingi kuliko mshahara wa kibarua kwa siku nyingi, na mwishowe akawekwa hadharani Cheapside, kwenye kifaa cha mbao cha kubania shingo na mikono, mara akiwa katika matambara yake na mara akiwa katika mavazi yake ya kiungwana. Kulikuwa pia na "Abraham man", aliyejifanya mwendawazimu aliyetoka hospitali ya Bethlem ya London, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1247. Jina la hospitali hiyo katika vinywa vya watu likawa "bedlam", na hadi leo ni neno la kawaida la vurugu na kelele.

Katika orodha ile ya karne ya 16 kuna maneno yaliyopona. "Booze", pombe, limo humo kwa tahajia ya "bouse", nalo linatokana na neno la Kiholanzi cha kale la kunywa kwa wingi. "Duds", nguo, lipo, na "filch", kuiba vitu vidogo vidogo, lipo. Lakini "lage" kwa maji na "stampers" kwa viatu yamezikwa. Sioni kanuni moja inayoeleza kwa nini hili lilipona na lile likafa, ila naona kwamba mengi yaliyopona ni yale yaliyobeba ladha ambayo neno la kawaida halikuwa nayo. Maji ni maji, hayahitaji jina la pili, ila kunywa hadi kulewa ni jambo ambalo kila kizazi hulitafutia neno jipya.

Kabla sijaendelea, naomba niseme jambo moja kuhusu ushahidi, maana wengi wanateleza hapa. Mwaka 1608 mwandishi Thomas Dekker alichapisha kitabu cha lugha ya wezi ambacho sehemu kubwa ya msamiati wake ilichukuliwa kwa Harman, na mwaka 1610 mwandishi mwingine aliyetia sahihi kwa herufi S. R. akamlaumu waziwazi kwa kunakili maneno ya zamani. Mwishoni mwa karne ya 17 mtu aliyejitaja kwa herufi B. E. tu akatoa kamusi ya lugha ya wahalifu, na waliomfuata wakamnakili naye. Kwa hiyo ukikuta neno limo katika kamusi tano za miaka tofauti, usiseme kwamba lina mashahidi watano. Yawezekana lina shahidi mmoja, na hakimu wa Kent ndiye huyo, waliobaki wakiwa wamekaa mezani na kitabu chake. Na tusisahau kwamba shahidi huyo alikuwa upande wa wanaopiga mijeledi. Sauti ya mzururaji mwenyewe imetufikia kwa kalamu ya mtu aliyetaka akamatwe.

Aliyeibadilisha hali hiyo ni Francis Grose, nahodha wa jeshi la mgambo na mpenzi wa mambo ya kale, ambaye mwaka 1785 alitoa kamusi ya lugha ya watu wa chini. Naye alichota kwa waliomtangulia, lakini alikwenda pia kusikiliza. Usiku alikuwa akizunguka na msaidizi wake, Tom Cocking, katika vilabu vya pombe na vichochoro vya London, akinukuu maneno ya mabaharia, wapagazi, askari na wanawake wa mitaani. Mshairi wa Scotland Robert Burns alikuwa rafiki yake, na shairi lake mashuhuri la "Tam o' Shanter" aliliandika kwa ajili ya kitabu cha Grose kuhusu magofu ya Scotland. Grose alifariki Dublin mwaka 1791, na kamusi yake ikaendelea kuchapishwa upya.

Nikiombwa nichague sehemu moja tu ya msamiati huu nitakayoitetea mbele ya yeyote, nitachagua Grose. Kwake jeneza ni "eternity box", sanduku la milele, na mdomo ni "bone box", sanduku la mifupa, kwa sababu ya meno. Mlevi anayemtapikia aliyeketi mbele yake ni "admiral of the narrow seas", kamanda wa bahari nyembamba, na ni dhahiri kwamba kulibuni jina hilo kulihitaji baharia. Jambo lisilowahi kutokea lilitokea "katika enzi ya Malkia Dick", na kwa kuwa Dick ni jina la mwanamume, enzi hiyo haikuwahi kuwapo. Mwizi wa mfukoni aliyefumaniwa na watu kisha akatumbukizwa kwenye bwawa la farasi aliitwa "Anabaptist", yaani muumini wa dhehebu linalobatiza watu wazima. Ukumbuke kwamba hadi mwaka 1808 kuiba kitu cha thamani ya zaidi ya shilingi moja kutoka mwilini mwa mtu kulikuwa kosa la kifo. Aliyebatizwa bwawani alirudi nyumbani akiwa hai.

Msemo ninaoupenda kuliko yote ni wa "kula chakula cha mchana na Duke Humphrey", ambao maana yake ni kushinda njaa. Katika kanisa kuu la zamani la St Paul's, lile lililoungua katika moto wa London wa mwaka 1666, palikuwa na kaburi ambalo watu waliamini kuwa la Humphrey, mtawala wa Gloucester. Wasiokuwa na fedha ya chakula walitembeatembea karibu na kaburi hilo saa za mchana, wakijifanya wanaangalia mapambo, huku wenye nacho wamekwenda kula. Kwa kweli kaburi lilikuwa la Sir John Beauchamp, na Humphrey alizikwa St Albans, maili nyingi kutoka hapo. Msemo umejengwa juu ya kosa, lakini njaa yake ni ya kweli, nami naona umeeleza aibu ya mtu mwenye koti zuri na tumbo tupu kwa adabu ambayo sijaiona kwingine.

Sehemu ya giza zaidi ni ya kitanzi. London iliwanyonga watu Tyburn, karibu na pale palipo na Marble Arch leo, hadi mwaka 1783, kisha kazi hiyo ikahamishiwa nje ya gereza la Newgate. Mwanzoni mwa karne ya 19 makosa yenye adhabu ya kifo yalizidi 200. Haishangazi basi kwamba misimu ya wakati huo imejaa kamba. Kunyongwa kuliitwa "kucheza Paddington frisk", ngoma ya Paddington, kwa jina la eneo lililopakana na Tyburn. Mke wa aliyenyongwa alikuwa "hempen widow", mjane wa katani, kwa sababu kamba ilisokotwa kwa nyuzi za mmea huo. Kila mnyongaji aliitwa "Jack Ketch", jina la mnyongaji halisi wa zama za Mfalme Charles wa Pili ambaye alichukiwa kwa kuwaua watu vibaya. Gereza nalo lilikuwa "clink", kwa jina la gereza la Southwark lililokuwa katika ardhi ya askofu wa Winchester na ambalo lilichomwa moto katika ghasia za mwaka 1780. Gereza lenyewe halipo tena, ila Mwingereza wa leo bado anasema mtu yuko "in clink".

Yapo maneno mawili ambayo wengi hawajui kwamba yalianza kama misimu ya wahalifu. La kwanza ni "kidnap". Katika karne ya 17 "kid" lilikuwa neno la mitaani la mtoto, na "nap" lilikuwa kunyakua. Yakaungana kumtaja mtu aliyewanyakua watoto na vijana katika bandari za Uingereza na kuwauza kama watumishi katika mashamba ya Marekani na visiwa vya Karibi. Neno hilo, ambalo leo linasomwa mahakamani duniani kote, lina historia ya meli na watoto walioibwa. La pili ni "phoney", bandia. Matapeli wa London walikuwa na mchezo ulioitwa "fawney rig": mmoja anaangusha pete ya shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, anajifanya ameiokota mbele yako, kisha anakubali kukuuzia kwa bei ya chini kwa sababu eti mmeiona pamoja. Yeyote aliyewahi kuangushiwa bahasha ya pesa za uongo kituo cha mabasi anaujua mchezo huo. "Fawney" linatokana na "fáinne", neno la Kiairishi la pete, na mwishoni mwa karne ya 19 lilijitokeza Marekani kwa umbo la "phoney". Wataalamu wengi wanakubali uhusiano huo, na mimi naukubali kwa kuwa tarehe na sauti zinapatana.

Kuhusu nguvu ya lugha hii katika maisha halisi, ushahidi bora hautoki London bali Sydney. Wafungwa wa kwanza walifikishwa Australia mwezi Januari 1788. Watkin Tench, ofisa wa kikosi kilichowalinda, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1793 kwamba mahakama za mwanzo za koloni zililazimika mara kwa mara kuwa na mkalimani, ingawa mashahidi, watuhumiwa na mahakimu wote walikuwa Waingereza. Miaka michache baadaye mfungwa James Hardy Vaux, ambaye katika maisha yake alipelekwa Australia mara tatu kwa makosa mbalimbali, aliandika mwaka 1812 kamusi ya lugha ya wezi, ikachapishwa London mwaka 1819 pamoja na kumbukumbu za maisha yake. Huyu ni shahidi wa aina nyingine kabisa. Harman aliisikia lugha hii mlangoni kwake. Vaux aliishi ndani yake. Katika kamusi yake "swag" ni furushi, hasa la mali ya wizi, na ni neno hilo lililowapa Waaustralia "swagman", kibarua anayetembea nchi nzima na mzigo wake mgongoni.

Ndugu mmoja ameuliza hapo chini kama ni kweli kwamba "posh" ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kushoto wakati wa kwenda, kulia wakati wa kurudi", yaani vyumba vya upande wenye kivuli katika meli za kampuni ya P&O zilizokwenda India kupitia Bahari ya Shamu. Jibu langu ni hapana. Haijapatikana tiketi hata moja yenye herufi hizo, na nyaraka za kampuni hiyo hazina utaratibu wa namna hiyo. Kwa upande mwingine "posh" liliandikwa katika karne ya 19 kama neno la mitaani la fedha ndogo, na Waroma, watu ambao Waingereza waliwaita Gypsy, wana neno "posh" lenye maana ya nusu. Kabla ya karne ya 20 kuanza lilikuwa limeshaandikwa pia kwa maana ya mtu maridadi. Kwa jumla, ukiambiwa kwamba neno la kabla ya karne ya 20 ni kifupisho cha herufi, kuwa na shaka, kwa kuwa desturi ya kuunda maneno kwa herufi za mwanzo ilienea hasa katika vita vya karne hiyo. Vivyo hivyo "tip", bahshishi, si kifupisho cha chochote. Lilikuwa neno la wezi la kupitisha au kutoa, tangu mwanzo wa karne ya 17. Na "cop", polisi, halikutoka kwenye vifungo vya shaba ("copper") vya sare za polisi, kama wengine wanavyodai, bali linatokana na kitenzi "cop", kukamata, cha mwanzo wa karne ya 18. Majina ya polisi yenye mzizi katika jina la mtu ni "bobby" na "peeler", yote mawili kutoka kwa Robert Peel, aliyeanzisha polisi wa London mwaka 1829.

Niliwataja Waroma. Hao wameipa misimu ya Kiingereza zawadi ambayo haikirimiwi shukrani inayostahili: "pal", rafiki, lililoandikwa kwa Kiingereza tangu karne ya 17, kwa Kiroma ni kaka. Watu waliofukuzwa kila kijiji ndio waliowapa Waingereza jina la urafiki.

Sasa niingie katika sehemu itakayowagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Askari wa Uingereza waliokaa India katika karne ya 19 walirudi na maneno mengi ya Kihindustani. "Dekko" ni kutupa jicho, kutoka "dekho", tazama. "Cushy", kazi nyepesi yenye raha, linahusishwa na "khush" ya Kiajemi, furaha. "Doolally", mtu aliyechanganyikiwa, ni jina la Deolali, kambi ya jeshi karibu na Nashik ambako askari waliomaliza muda wao walisubiri meli ya kurudi kwao, wengine kwa miezi, katika joto, bila kazi, hadi akili zikayumba. Mwanzoni walisema "doolally tap", na "tap" kwa Kihindustani ni homa.

Lililo kuu ni "Blighty", jina ambalo askari wa Uingereza waliliitia nchi yao katika Vita Kuu ya Kwanza. Jeraha ambalo haliui lakini linatosha kumrudisha mtu nyumbani waliliita "a Blighty one", na wapo waliomwomba Mungu walipate. Neno lenyewe ni "bilayati" la Kihindustani, kitu cha kigeni au cha kizungu, kutoka "vilayat", ambalo ni "wilaya" ya Kiarabu, nchi yenye utawala. Mzizi huo huo wa Kiarabu ulifika pwani yetu ukatupa maneno mawili: "wilaya", kwa eneo la utawala, na "Ulaya", kwa bara la Wazungu. Kwa hiyo askari wa mitaro ya Ufaransa aliyelia "Blighty" na bibi wa Lamu au Unguja anayesema mjukuu wake yuko Ulaya wanatumia neno moja lililosafiri njia mbili. Hata matumizi yanafanana: Wahindi waliziita nyanya "bilayati baingan", biringanya za Ulaya, nasi tunasema viazi ulaya. Askari waliokaa Misri waliongeza "bint", msichana, ambalo msomaji hahitaji kuelezwa, ila ajue kwamba katika Kiingereza lilishuka hadhi likawa neno la dharau, jambo ambalo "binti" yetu haikulipata.

Mkusanyo mkubwa wa maneno haya ya India ulitolewa mwaka 1886 na Henry Yule na A. C. Burnell, nao wakauita "Hobson-Jobson". Jina hilo ni jinsi masikio ya askari wa Uingereza yalivyosikia kilio cha Waislamu wa Shia katika maombolezo ya Muharram, "Ya Hasan! Ya Husayn!". Mkisoma kitabu hicho mkumbuke hilo. Kina elimu nyingi, ila jina lake limechukuliwa kutoka kwa watu waliokuwa wakiomboleza bila kueleweka.

Kwa ufupi kuhusu wachuuzi wa London. Henry Mayhew, mwandishi wa habari aliyewahoji maskini wa jiji hilo na kutoa vitabu vyake kuanzia mwaka 1851, alikuta wauza matunda na samaki wakizungumza kwa kugeuza maneno kinyumenyume: "penny" ikawa "yenep", na "look" ikawa "cool". Katika mtindo huo "boy" ilikuwa "yob", na hilo ndilo lililosalia, sasa likiwa na maana ya kijana mtukutu. Vijana wa Kiswahili waliokua wakisema kinyume, wakigeuza silabi ili wazee wasielewe, hawatahitaji ufafanuzi. Wakati huo huo ulizuka mtindo wa vina, ambapo ngazi, "stairs", huitwa "apples and pears", kisha nusu yenye kina hudondoshwa ili mgeni apotee kabisa: kutazama, "look", huwa "butcher's hook", halafu hubaki "butcher's" peke yake. John Camden Hotten aliorodhesha mitindo yote miwili katika kamusi yake ya mwaka 1859 na kusema kwamba ule wa vina ulikuwa na umri wa miaka kumi na kitu tu.

Wapo waliouliza kama wasomi wa zamani hawakuyapinga maneno haya. Walipinga sana. Jonathan Swift aliandika katika jarida la The Tatler mwaka 1710 kwamba kwa miaka kadhaa alijitahidi kuyazuia "mob" na "banter" lakini akazidiwa na wingi wa watu. "Mob" lilikuwa kipande cha maneno ya Kilatini "mobile vulgus", umma unaoyumba. Leo hakuna mhariri anayelistukia.

Nimalizie kwa swali la ndugu wa Nairobi kuhusu "bob". Ni kweli kabisa kwamba ni neno la kale la Kiingereza: lilikuwa likitumika kwa shilingi kabla ya karne ya 18 kwisha. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1920, jina la mitaani lilikuja pamoja na sarafu. Uingereza iliacha hesabu ya shilingi tarehe 15 Februari 1971, na tangu hapo "bob" kwao ni neno la wazee na la misemo iliyoganda, ilhali kondakta wa matatu analitumia kila siku kwa fedha halisi. Jambo la kuzingatia ni sarufi yake. Mwingereza alisema "ten bob", kamwe si "ten bobs", na Mkenya anayesema "hamsini bob" ameihifadhi kanuni hiyo barabara. Nayo ilimkaa vizuri mdomoni, kwa kuwa "shilingi" yetu pia haibadiliki katika wingi.

Mwenye neno lingine la Kiingereza cha kale analotaka tulichunguze aliweke hapa pamoja na mahali alipolikuta na mwaka wa maandishi hayo, nami nitalifuatilia.